Kuomba ufadhili wa Laidlaw: mwongozo kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote kuhusu ufadhili wa Laidlaw ni hili: "Nimemaliza kidato cha sita, naombaje?" Huombi, bado. Huu si ufadhili wa kukutoa nyumbani na kukupeleka chuo. Unakukuta chuoni, ukiwa umeshasajiliwa katika shahada ya kwanza, tena kwenye chuo chenye ushirikiano na Laidlaw Foundation. Kwa kutaja vichache: St Andrews, Durham, Leeds, York na UCL huko Uingereza, Trinity College ya Dublin, Columbia na Cornell kule Marekani, Chuo Kikuu cha Toronto, EPFL ya Uswisi, na Chuo Kikuu cha Hong Kong. Ufadhili huu haulipi ada. Unakupa posho ya kujikimu ili likizo mbili za kiangazi uzitumie kwenye utafiti na uongozi badala ya kupanga bidhaa kwenye rafu za supamaketi. Kama shida yako ni ada, peleka nguvu kwa wafadhili wa masomo kama Mastercard Foundation na wengine wa aina hiyo, halafu urudi hapa ukishapata chuo.

Kwa hiyo ninamwandikia yule aliyekwishafika, yupo mwaka wa kwanza au wa pili, ameona tangazo kwenye baruapepe ya chuo na kulipita akidhani ni la watoto wa wenye nchi. Vyuo vingi haviangalii uraia. Wanachoangalia ni kwamba hujafika mwaka wa mwisho, maana programu inahitaji viangazi viwili.

Mpangilio wake ni huu. Kiangazi cha kwanza, wiki sita za utafiti chini ya mhadhiri. Kiangazi cha pili, wiki sita za uongozi kwa vitendo, mara nyingi na shirika au jamii iliyo nje ya chuo, pengine nje ya nchi. Katikati kuna mafunzo ya uongozi na mikutano na wenzako. Ukijua aliyetoa fedha utaelewa kwa nini mambo haya mawili yamefungwa pamoja: Irvine Laidlaw ni mfanyabiashara wa Uskoti aliyesoma uchumi Leeds, kisha shahada ya uzamili ya biashara Columbia, akatajirika kwa kuandaa mikutano na mafunzo ya kibiashara. Maktaba ya Leeds iliyofunguliwa 2015 ina jina lake. Si mtu wa kufadhili vitabu vikae kabatini. Anataka mtu anayejua kuuliza na anayejua kutenda, na fomu yako itapimwa kwa yote mawili. Wengi wetu tunaandika vizuri upande mmoja, ule mwingine tunaujaza kwa maneno.

HATUA YA 1: Soma ukurasa wa chuo chako, si wa chuo cha rafiki yako

Kila chuo kinaendesha programu kwa namna yake. Kuna vyuo vinavyokutaka ulete wazo lako mwenyewe pamoja na msimamizi aliyekubali. Kuna vingine ambavyo wahadhiri wanatangaza miradi na wewe unachagua. Vingine vinaruhusu njia zote mbili. Ukikosea hapa utatumia mwezi mzima kuandaa pendekezo lisilohitajika.

Tarehe nazo hazifanani, lakini mara nyingi dirisha hufunguliwa na kufungwa ndani ya miezi ya baridi, wakati ambapo mgeni wa mwaka wa kwanza bado anahangaika na koti na ramani ya kampasi. Anza Oktoba. Ukisubiri mpaka baada ya Krismasi utawakuta wahadhiri wazuri wameshachukuliwa.

HATUA YA 2: Tafuta swali dogo

Hapa ndipo maombi mengi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanafunzi wa kwetu akiambiwa aandike wazo la utafiti, anaandika jambo la taifa zima: athari za mabadiliko ya tabianchi kwa uchumi wa Zanzibar. Hilo ni kazi ya wizara. Wewe una wiki sita, na wiki ya kwanza utaimalizia kwenye kutafuta nywila za maktaba.

Tuchukue hilo hilo tulipunguze. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Wanapanda aina mbili, kotoni na spinosamu. Kotoni ina bei nzuri lakini ni dhaifu; maji yakipata joto inaugua na kukatika kwenye kamba. Spinosamu ni ngumu, ila bei yake ni ya chini. Hadithi hii ukiwa Paje au Jambiani utaipata kwa mkulima yeyote. Sasa swali la wiki sita ni lipi? Siyo "tabianchi imeathiri nini". Ni kitu kama: je, tangu 1989, miezi ambayo joto la bahari upande wa mashariki wa Unguja lilizidi nyuzi 30 imeongezeka, na imeongezeka misimu gani?

Tazama lilivyobadilika. Lina mahali, lina mwaka wa kuanzia, lina kitu cha kuhesabu. Zaidi ya yote, data zake zipo bure: kumbukumbu za joto la uso wa bahari zinazotokana na setilaiti zinaanzia 1981, na mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuzipakua na kuchora grafu. Huhitaji kibali, nauli wala mkalimani.

Lina udhaifu pia, na ni lazima uujue kabla hawajakuuliza. Data hizo hupima miraba ya takriban kilomita 25 kwa 25, wakati mashamba ya mwani yapo kwenye maji ya magotini, ndani ya mwamba, ambako maji yakipwa mchana wa jua hupata joto kuliko bahari ya nje. Kwa hiyo grafu yako haitasema shamba lilikuwa na joto gani. Itasema bahari iliyo jirani yake ilielekea wapi. Andika sentensi hiyo ndani ya pendekezo. Mtu anayejua mahali kazi yake inapokomea huaminiwa kuliko anayedai kila kitu.

Fani yako ikiwa ni nyingine, mbinu ni ile ile. Mwanafunzi wa historia asiandike "biashara ya karne ya 19 pwani ya Afrika Mashariki", achague daftari moja au mkusanyo mmoja wa barua uliopo kwenye maktaba anayoweza kufika kwa treni. Mwanafunzi wa isimu asiandike "Kiswahili mtandaoni", achukue maneno 200 ya simu na kompyuta ahesabu yameingia ngeli zipi. Kwenye isimu na historia, Kiswahili chako ni mtaji ambao mwenzako wa darasani hana. Utumie bila aibu.

Kipimo changu ni kimoja: mpigie simu mama, shangazi, au yeyote wa nyumbani ambaye hakusoma fani yako, umweleze swali lako kwa Kiswahili kitupu. Ukijikuta unasema "yaani ni kama... wao wanaita..." basi bado hujalielewa. Akikuuliza "sasa hiyo itamsaidia nani?", usikasirike. Jopo litauliza hivyo hivyo.

HATUA YA 3: Mwandikie mhadhiri

Adabu zetu na adabu za baruapepe ya mhadhiri wa Ulaya au Marekani hazifanani. Sisi tumelelewa kumjulia mtu hali, na familia, na kazi, ndipo tueleze shida. Yeye ana baruapepe 90 asubuhi hiyo. Salamu ndefu anaisoma kama dalili kwamba hujui unachotaka. Si dharau, fupisha.

Utaandika kwa lugha ya chuo, lakini mwili wa ujumbe uwe hivi:

"Mpendwa Dkt. ___, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa jiografia. Katika mhadhara wa wiki iliyopita ulieleza kwamba setilaiti haioni vizuri joto la maji ya kina kifupi. Kwetu Zanzibar wakulima wa mwani wanalalamikia maji hayo hayo. Nataka kuomba ufadhili wa Laidlaw kwa swali hili: (sentensi moja). Nimeambatanisha ukurasa mmoja. Je, naweza kupata dakika 20 wiki ijayo, Jumanne au Alhamisi mchana?"

Umemwambia wewe ni nani, kwa nini umemchagua yeye, unataka nini, na lini. Usimwandikie "nimevutiwa sana na kazi zako" bila kutaja hata moja. Na usitume ujumbe uleule kwa wahadhiri watano wa idara moja. Wanakunywa kahawa pamoja.

Akikaa kimya siku saba, mkumbushe kwa mistari miwili. Akikaa kimya tena, nenda kwenye saa zake za kupokea wanafunzi. Mimi nilikaa wiki tatu nikiona haya kumsumbua mtu mzima, kumbe baruapepe yangu ilikuwa imeingia kwenye taka. Nilipobisha mlango alikubali ndani ya robo saa.

Ukikutana naye, beba daftari na umuulize ni nini kwenye wazo lako hakiwezekani kwa wiki sita. Atakata. Mwache akate.

HATUA YA 4: Andika "nili-", acha "tuli-"

Upande wa uongozi. Nikusimulie nilivyoanza mimi. Rasimu yangu ya kwanza ilisema nilikuwa dada mkuu wa shule ya bweni, nikawa katibu wa klabu, nikapewa cheti. Mwenzangu wa Nigeria aliyekuwa ameshapata ufadhili aliisoma, akanirudishia na swali moja chini: "Ulifanya nini?"

Nilikasirika, maana kwetu dada mkuu ni dada mkuu. Lakini kwa msomaji wa mbali cheo hakisemi kitu. Nikakaa nikakumbuka foleni ya maji. Bomba lilikuwa moja, wa kidato cha kwanza waliamka saa kumi alfajiri kupanga ndoo, wakubwa wakaja saa kumi na moja na nusu wakazisogeza. Nilipanga zamu kwa mabweni badala ya kwa mtu mmoja mmoja. Wiki ya kwanza ilivurugika kwa sababu sikuwashirikisha viranja wa mabweni ya wakubwa, niliwabandikia tu karatasi ukutani. Nikaenda nikazungumza nao mmoja mmoja, nikabadilisha zamu mbili, mambo yakatulia. Hadithi hiyo ya ndoo ilichukua nafasi ya vyeo vyote vitatu, na kwenye usaili ndiyo waliyoiuliza.

Kuna kikwazo cha lugha hapa. Mswahili mwenye adabu hasemi "nilifanya". Anasema "tulifanya", hata kama kazi aliifanya peke yake usiku kucha. Ukihamishia adabu hiyo kwenye fomu, jopo halitakuona. Sisemi ujisifu. Panga hivi: kilichokuwa cha wote kiache na "tuli-", lakini kila aya iwe na angalau "nili-" moja iliyobeba kitenzi kinachoonekana: nilihesabu, nilipanga, nilikataa, nilikosea. Hasa nilikosea. Aya yenye kosa ulilolirekebisha ina uzito kuliko aya tatu za ushindi.

Na usidhani uongozi ni wa mwenye cheo tu. Ukiweka hesabu za kikoba cha mama, ukifundisha wadogo madrasa kila jioni, ukipanga sauti za kwaya, ukilea wadogo zako wakati wazazi wako safarini, hayo yote yanaandikika. Yaandike kama kazi, kwa namba: wangapi, muda gani, kiasi gani.

Kuhusu kiangazi cha pili, vyuo vingine vinakupangia shirika, vingine vinakutaka ueleze mapema ungependa kufanya nini. Ombi langu kwako ni moja: usiandike kwamba utakwenda kijijini kuwafundisha wanawake ujasiriamali. Wanawake hao wanazungusha vikoba tangu hujazaliwa. Andika ulichoambiwa na wenyewe. Piga simu kwa kikundi unachokifahamu, waulize nini kinawasumbua ambacho mtu mwenye wiki sita na kompyuta anaweza kukisogeza. Huenda wakasema wanataka kumbukumbu zao za mavuno na bei zitoke kwenye madaftari yaliyolowa ziingie kwenye jedwali wanaloweza kulionyesha kwa mnunuzi. Ni jambo dogo, halipendezi kwenye picha, na lina mwenyewe.

HATUA YA 5: Maadili, vibali na viza

Kama utafiti wako unahoji watu, hata kwa simu, hata shangazi yako, chuo kitataka idhini ya maadili kabla ya swali la kwanza. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukitaka kwenda nyumbani kukusanya data kuna safu ya pili, kibali cha utafiti kutoka tume ya sayansi ya nchi: COSTECH kwa Tanzania Bara, NACOSTI kwa Kenya, na Zanzibar ina utaratibu wake. Usijiambie "mimi ni mzawa". Unakwenda kwa jina la chuo cha nje, kwa hiyo uliza mapema. Ndiyo maana kwa kiangazi cha kwanza napendelea swali linalojibika kwa data zilizopo au nyaraka za maktaba, na safari ya nyumbani uiweke kiangazi cha pili ukiwa na mwaka mzima wa kuandaa karatasi.

Viza pia. Nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa na maswali mawili yaliyoandikwa: posho hii inahesabiwa vipi kwenye masharti yangu ya kazi, na nikitoka nje ya nchi kiangazi nitarudi kwa karatasi gani? Aliyeko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, F-1, ahakikishe sahihi ya safari kwenye I-20, ile fomu aliyopewa na chuo kwa ajili ya viza, haijapita muda. Anayetaka kwenda nchi ya Schengen (zile za Ulaya zenye viza moja ya pamoja) akiwa Uingereza akumbuke kwamba mwenzake wa Kiingereza anakata tiketi tu, yeye anatafuta miadi ya viza, na miadi ya kiangazi hujaa mapema.

HATUA YA 6: Barua ya rejea

Mwombe mtu anayekujua kazi, si mwenye jina kubwa. Mwalimu wa semina aliyesoma insha zako mbili anatosha. Mpe wiki tatu, pamoja na tangazo la ufadhili, rasimu yako, na mambo matatu ambayo ungependa ayataje. Mkumbushe zikibaki siku tano.

HATUA YA 7: Kutuma

Hili dogo limewaponza watu. Fomu ikisema mwisho ni 5 p.m., na wewe uko nyumbani Dar kwa likizo, usiandike kwenye kalenda "saa 5". Akili yako itasoma saa tano usiku. Saa 5 p.m. ya London wakati wa baridi ni saa mbili usiku Dar es Salaam, na ukiamka na wazo la saa tano, dirisha limefungwa saa tatu zilizopita. Tuma siku mbili kabla. Umeme nao una ratiba yake.

Hesabu maneno. Wakisema 500, mfumo mara nyingine hukata la 501 katikati ya sentensi bila kukuambia. Fungua nakala waliyokutumia baada ya kutuma, uisome mpaka mwisho.

HATUA YA 8: Usaili

Jopo mara nyingi lina watu wa fani tofauti na yako, kwa hiyo yule mama uliyempigia simu hatua ya pili ndiye msikilizaji wa kumfikiria. Jiandae kwa maswali manne: swali lako ni nini kwa sentensi mbili, utafanya nini data zikikosekana, lini uliongoza ukashindwa, utajifunza nini kwa wenzako wa programu. Hilo la mwisho watu hulijibu kwa juujuu. Wanataka kujua kama utahudhuria mafunzo ya Jumamosi asubuhi au utachukua posho upotee.

Usikariri majibu, kariri namba zako na mfuatano wa wiki sita: wiki ya kwanza data, ya pili na ya tatu uchambuzi, na kuendelea. Ukiulizwa usilolijua sema "hilo sijalifikiria; ningeanza kwa kuangalia..." kisha utaje mahali. Kutazama chini wakati mkubwa anaongea ni heshima kwetu. Pale watakuona huna uhakika. Watazame, hata kama ni kwa kuangalia paji la uso.

Ukikosa, usilifute pendekezo. Omba maoni yao kwa maandishi ndani ya wiki hiyo hiyo, kisha rudi kwa msimamizi umuulize kama idara ina fungu la utafiti wa kiangazi. Idara nyingi huwa nalo, halitangazwi kwa kelele, na wewe tayari una ukurasa mmoja uliokatwa na kupangwa. Kama ulikuwa mwaka wa kwanza, angalia pia masharti ya chuo chako: baadhi ya vyuo vinakuruhusu kuomba tena mwaka wa pili.